Bomba bila koki



Ukitoka hapa kwetu Ilomba, ukapita Uyole na kushika njia ya kwenda Iringa, utafika Inyala. Huko kuna mahali watu wanapaita Pipeline. Jina halihitaji mkalimani. Ni bomba la mafuta, lile la TAZAMA, lililolazwa katika ardhi yetu tangu miaka ya sitini. Mwezi Agosti 2022 jina hilo lilisikika nchi nzima, wala si kwa habari za bomba. Magari yaligongana hapo mteremkoni, lori likiwamo, na watu wengi wakapoteza maisha. Chini ya ardhi bomba limelala kimya. Juu yake, barabarani, tunazikana.

Nimeanza na Inyala kwa sababu wiki hii nataka tuzungumzie bomba la pili. Serikali za Tanzania na Zambia zimekuwa zikilijadili kwa miaka kadhaa: bomba jipya la mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, likifuata njia ya lile la zamani. Makadirio ya gharama yaliyotajwa hadharani yamevuka dola bilioni moja za Kimarekani. Likijengwa litapita Morogoro, Iringa, Njombe na hapa kwetu Mbeya. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza maswali kabla hatujaona matrekta shambani.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana wengi wa hapa mjini wanajua TAZARA, lakini ukiwatajia TAZAMA wanadhani umekosea herufi. TAZAMA ni Tanzania Zambia Mafuta. Mwezi Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko huko Rhodesia. Mwezi uliofuata Uingereza ikatangaza vikwazo vya mafuta dhidi ya Smith, na Smith naye akaikatia Zambia. Nchi yenye migodi ya shaba ikabaki haina petroli. Mafuta yakapakiwa kwenye mapipa. Mengine yakarushwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, mengine yakaletwa kwa malori katika barabara yetu hii, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wa kigeni waliipa jina la njia ya jehanamu. Wazee wetu waliosukuma malori pale Igawa na kwingineko hawakuhitaji jina.

Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakakata shauri. Kampuni za Kitaliano zikapewa kazi, na mwezi Septemba 1968 bomba la kilomita 1,710 likafunguliwa, kutoka Kigamboni hadi Ndola. Sehemu kubwa ya bomba hilo kipenyo chake ni inchi 8, na sehemu nyingine zina inchi 12. Mitambo ya kuyasukuma mafuta yapande milima yetu iliwekwa njiani, mmojawapo hapa Mbeya. Reli ya Wachina ilikuja baadaye, ikakabidhiwa mwaka 1976. Bomba ndilo lililotangulia.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyechimba mtaro wa bomba hilo akiwa kijana. Nilikwenda kumwona Jumamosi. Nilimkuta ameketi barazani anapukuchua mahindi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza kwamba wakubwa wanazungumza habari ya bomba jingine. Akacheka, akaniuliza: "Na hili la kwanza ulishawahi kuchota hata kikombe?"

Swali hilo, ndugu wasikilizaji, limenikosesha usingizi. Maana jibu lake ni kwamba sijachota, wala baba yangu hakuchota. Bomba lilijengwa kwa ajili ya Zambia, na lilikuwa jambo jema na la kishujaa kulijenga. Tangu mwaka 1973, kiwanda cha Indeni kilipoanza kusafisha mafuta kule Ndola, mzigo wa bomba ukawa mafuta ghafi. Mafuta ghafi huwezi kuyatia kwenye trekta. Kwa hiyo kwa karibu miaka hamsini bidhaa hiyo ilipita chini ya mashamba yetu ya mahindi kama mgeni apitaye na chakula kilichofungwa. Ukiitamka TAZAMA kama neno la Kiswahili ndiyo hali yetu yenyewe: tulitazama.

Sasa mambo yamebadilika, na ndiyo maana nasema mjadala huu si wa kuachiwa wahandisi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Indeni ilisimamisha kazi ya kusafisha mafuta, na kufikia mwaka 2023 bomba la zamani lilikuwa limegeuzwa kubeba dizeli. Dizeli hii ndiyo inayowasha trekta Mbarali, mashine za kusaga hapa Ilomba, na mabasi yote unayoyaona stendi. Hata hivyo dizeli ya kuuzwa Mbeya inasafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya mia nane, huku dizeli ya Ndola ikipita chini ya miguu yetu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo, tazama mstari wa Dar es Salaam, kisha teremka hadi mstari wa Mbeya. Kwa kawaida utakuta tofauti ya shilingi kama mia moja hivi kwa lita. Hiyo ni nauli ya mafuta. Anailipa mwenye trekta, anailipa mwenye daladala, na mwisho anailipa mama anayekwenda kusaga debe moja la mahindi.

Naomba tufanye hesabu kidogo. Uwezo wa bomba la zamani ni tani kama milioni 1.1 kwa mwaka. Lori moja la mafuta na tela lake tulikadirie lita elfu thelathini na sita, yaani karibu tani thelathini. Gawanya. Unapata safari zaidi ya elfu thelathini na sita kwa mwaka, na ukigawa kwa siku 365 unapata malori mia moja kila siku. Mia yanakwenda yamejaa na mia yanarudi matupu, kwa sababu lori la mafuta haliwezi kurudi na shaba. Bomba la pili likiwa na uwezo kama huo tu, hayo ndiyo malori ambayo lingeyaondoa barabarani, au lingeyazuia yasiongezeke. Fikiria Kitonga bila hayo. Fikiria foleni ya Tunduma. Na wala hatujasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori lilipopinduka, watu wakaenda kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya mia moja.

Mpaka hapo nadhani mmekwisha kujua nimeegemea wapi. Lakini kuna upande wa pili, nao una watu wake, na mimi naishi nao.

Hapa Ilomba tunakula barabara. Sisemi kwa mzaha. Mama lishe anayepika wali na maharage kando ya lami anamsubiri dereva wa lori na utingo wake. Kijana wa kuziba pancha anamsubiri huyo huyo. Gereji, nyumba za kulala wageni, wauza vocha, wauza maji, fundi wa breki, wote hao wamejipanga kando ya barabara hii kwa sababu ya malori. Dada yangu mmoja ana kibanda cha chakula. Nilipompa hesabu yangu ya malori mia moja alinitazama kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Kaka," akasema, "kila lori lina watu wawili. Hao ni watu mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Wakisimama kwangu kumi tu, mtoto anakwenda shule. Hilo bomba lako linakula wali?"

Sikuwa na la kumjibu pale pale. Zambia nako jambo hili lilizua kelele. Wenye malori wa huko walilalamika kwamba bomba kugeuzwa la dizeli kumewapokonya mzigo, na wengine wakabishana vikali kuhusu kampuni ipi ipewe nafasi ya kupitishia mafuta yake. Kelele hizo zina maana. Anayeshika mlango wa bomba anashika bei ya dizeli ya nchi nzima. Wenzetu wanagombea mlango, sisi hatujaomba hata dirisha.

Ndipo nafika kwenye hoja yangu. Bomba la pili lisijengwe Nyanda za Juu Kusini bila koki. Kwa koki namaanisha mahali pa kuchotea: matangi makubwa, mita za kupimia, mitambo ya kuzimia moto, na uwanja wa malori madogo kuja kupakia dizeli na kuisambaza Chunya, Rungwe, Kyela, Mbarali, Songwe hadi Rukwa. Kituo kama hicho kingeweza kuwa Mbeya, kingine Iringa au Makambako. Hapo dada yangu naye ana jibu. Lori refu la Ndola litapungua, lakini lori fupi la Sumbawanga litaanza safari yake hapa badala ya Kurasini, na dereva wake atakula hapa kabla ya kuondoka. Sidai kwamba hesabu italingana, wali kwa wali. Wako watakaopoteza. Lakini kuna tofauti kati ya kupoteza na kulipwa kitu, na kupoteza huku ukiangalia bomba likipita.

Mtu atasema, bomba lijengwe kwanza, koki itakuja baadaye. Hapo ndipo tutakapopotea. Bomba la mafuta si kama bomba la maji la mtaani, ambalo fundi huja na msumeno akakuunganishia. Unene wake na nguvu ya mitambo ya kusukuma hupangwa kwa kiasi kitakachoingia na kiasi kitakachotoka kila mahali. Ukiamua baadaye kuchota kwa wingi katikati, unabadili msukumo wa huko mbele, na anayesubiri mwisho wa bomba atasema umempunguzia. Tena bomba moja huweza kupitisha dizeli, kisha petroli nyuma yake, na zinapokutana huchanganyika kidogo. Lazima kituo kijue wakati wa kufungua, wakati wa kufunga, na mahali pa kuupeleka mchanganyiko huo. Mambo haya huandikwa kwenye michoro kabla chuma cha kwanza hakijaungwa. Na kabla ya michoro huandikwa kwenye mkataba. Sasa hivi ndio wakati wake.

Halafu kuna suala la umiliki. Katika TAZAMA ya zamani Zambia ina theluthi mbili na Tanzania ina theluthi moja, na makao makuu yako Ndola. Hatukuonewa. Mzigo ulikuwa wa Zambia. Lakini sehemu kubwa ya bomba imelala kwetu, na mwenye theluthi moja hupiga kura ya theluthi moja siku ya kuamua nani achote wapi. Waheshimiwa wabunge wetu wanaposimama Dodoma kuuliza habari za barabara ya njia nne, ambayo tunaihitaji sana, waulize na hili: katika bomba la pili tutakuwa na theluthi ngapi, na hiyo theluthi itatoka kwenye mfuko gani?

Tunaye mwalimu wa karibu wa kujifunzia, nalo ni bomba la mafuta ghafi la Uganda, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mwaka 2016 Uganda iliiacha njia ya Kenya ikachagua ya kwetu. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya kule yanaganda kama samli, kwa hiyo bomba lenyewe limebuniwa kupashwa moto, yapite kwenye joto la nyuzi kama 50. Katika kampuni ya bomba hilo shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15, sawa na shirika la Uganda. Wafaransa wa TotalEnergies wana 62, na Wachina wa CNOOC wana 8. Ushuru wa kupitisha kila pipa ulipatanwa kuwa dola 12.77. Haya yote tunayajua kwa sababu yalibishaniwa mchana kweupe. Septemba 2022 hata Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, likitaja mazingira na haki za wananchi, na Rais Museveni akalijibu kwa hasira. Unaweza kusema Wazungu wale, ambao barabara zao zimejaa magari, hawana ubavu wa kutukataza. Na mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini kelele zile zilisaidia jambo moja: habari ya fidia haikufichika.

Na fidia ndipo penye kidonda. Katika bomba la Tanga, mashamba yalipimwa na kuthaminiwa, watu wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu wala kujenga, kisha wengi wakakaa miaka wakisubiri malipo. Hebu hamishia jambo hilo huku kwetu. Rungwe, Njombe na Iringa watu wameingia kwenye parachichi. Mche wa parachichi unautunza miaka mitatu au minne kabla haujakulipa vizuri, halafu unakulipa miaka mingi. Juu ya bomba, mahindi na maharage huruhusiwa kurudi baada ya kufukia. Mti wenye mizizi mirefu hauruhusiwi, wala nyumba. Kwa hiyo mwenye parachichi mia moja katika njia ya bomba hapotezi mavuno ya mwaka mmoja. Anapoteza kiinua mgongo chake. Fidia ya mti ule ikihesabiwa kama fidia ya shina la mhindi, au ikichelewa miaka miwili huku amekatazwa kupanda, huyo mtu umemnyang'anya.

Msije mkadhani kwamba mkuza wa bomba la zamani utatosha na hakutakuwa na wa kuhamishwa. Tangu mwaka 1968 miji imekua. Mbeya ya leo si Mbeya ya wakati ule. Watu wamejenga kuukaribia mkuza, na wengine, tuseme kweli, wamejenga ndani yake, baadhi wakiuziwa viwanja na wajanja waliojua fika kilicho chini. Siku mafundi watakapokuja na rangi nyekundu kuweka alama ukutani, usishangae kuona mwenye nyumba anatoa hati ya mauziano yenye mihuri yote. Kazi ya kuwatambua watu hao ingefanywa leo, kwa utulivu, kuliko kuifanya siku ile kwa mgambo.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na bomba wakati tunayo TAZARA. Ni swali zuri. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa kuifufua reli hiyo kwa dola bilioni 1.4. Behewa la mafuta linaweza kushusha hapa Iyunga bila koki ya mtu, na treni ileile ikarudi na shaba kwenye mabehewa mengine. Kama reli itafufuka kweli, nami nitafurahi kuwa nimekosea kuhangaikia bomba. Ila nimezaliwa katika mji huu, nimeisubiri treni Iyunga mara nyingi, na subira yangu kwa reli hiyo imepungua. Reli na bomba si maadui, na mzigo wa Zambia na Kongo unakua. Ninachoogopa ni kwamba tutaahidiwa vyote viwili, na kila kimoja kitumike kama sababu ya kutuambia tusubiri kingine.

Jumamosi ile mzee alinisindikiza hadi barabarani, akiwa na fimbo yake. Tulisimama tukangoja nafasi ya kuvuka. Lori la mafuta lilipita, likafuatwa na jingine, na la tatu, yote na namba za Zambia, vumbi la pembeni likatufunika. Mzee akajifuta macho kwa mkono wa shati. Akaniuliza kama hilo jipya litachimbwa kwa majembe na sururu kama lile lao. Nikamwambia hapana mzee, siku hizi kuna mashine, kijana mmoja anakaa juu na kuchimba kazi ya watu hamsini.

"Basi," akasema, "waje wanione mimi kabla hawajachimba. La kwanza najua lilipopita. Na huyo kijana wa mashine awe wa hapa hapa."